Kwa Nini Damu Hii? Selimundu kati ya Simulizi za Uumbaji na Baiolojia

Katika kliniki ya watoto wenye ugonjwa wa selimundu, maswali ya mwanzo huwa ya kawaida: mtoto apewe dawa gani, ale nini, arudi lini. Swali lililo zito zaidi huja mwishoni, mara nyingi mama akiwa amekwisha kumbeba mtoto mgongoni na kadi ya kliniki imo mkononi. "Daktari, sisi ni watu wa kusali. Kwa nini Mungu amemuumba mwanangu na damu ya namna hii?" Mwingine huuliza kwa sauti ya chini zaidi: "Tumekosa nini?"

Swali hilo halimo katika mwongozo wa matibabu. Wapo wahudumu wanaojibu kwamba ni mapenzi ya Mungu, kisha wakamwita mgonjwa anayefuata. Wapo wanaosema kwamba mambo ya dini yaachwe mlangoni, kwa kuwa hospitali ni mahali pa sayansi. Jibu la kwanza humfanya mama aone kwamba dawa hazina kazi kubwa, maana nani awezaye kushindana na mapenzi ya Mungu? Jibu la pili humlazimisha achague kati ya kliniki na imani yake, na katika uchaguzi wa namna hiyo si mara nyingi kliniki hushinda. Kumbe damu ya mtoto yule, ikitazamwa kwa makini, ni mahali ambapo simulizi ya uumbaji na elimu ya viumbe zinaweza kukaa jamvi moja, kila moja ikasema lililo lake.

Herufi moja iliyobadilika

Ugonjwa huu umepata jina lake kutokana na umbo la mundu. Chembe nyekundu ya damu ya kawaida ni ya mviringo na laini, nayo hupenya katika mishipa myembamba bila taabu. Chembe ya mwenye selimundu, inapopungukiwa na oksijeni, hujikunja na kukakamaa hata ikafanana na mundu wa kuvunia mpunga. Chembe za namna hiyo hunasa katika mishipa midogo na kuzuia damu isipite, na hapo ndipo maumivu makali ya mifupa, kifua na tumbo yanapoanzia. Tena hazidumu. Chembe ya kawaida huishi takriban siku 120, lakini chembe ya selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo sababu mtoto hupungukiwa na damu mara kwa mara na macho yake huwa ya manjano.

Maelezo ya kwanza ya kitabibu kuhusu chembe hizo yalichapishwa na James Herrick huko Chicago mwaka 1910. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kasoro imo ndani ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Miaka michache baadaye, Vernon Ingram wa Cambridge aliibainisha kasoro yenyewe: katika mnyororo mmoja wa himoglobini, amino asidi moja tu, ile ya 6, imeshika nafasi isiyo yake. Chanzo chake ni badiliko la herufi moja katika jeni. Maandishi ya urithi wa binadamu yana herufi zipatazo bilioni 3, na kubadilika kwa herufi hiyo moja kunatosha kuyatawala maisha ya mtoto.

Kila mtu hupokea nakala mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Mwenye nakala mbili za kawaida huitwa AA. Mwenye nakala moja ya kawaida na moja ya selimundu huitwa AS. Huyu ni mbebaji, na kwa kawaida haumwi. Mwenye nakala mbili za selimundu, yaani SS, ndiye mgonjwa. Wazazi wote wawili wakiwa AS, katika kila mimba kuna uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto SS, asilimia 50 wa kupata mtoto AS, na asilimia 25 wa kupata mtoto AA. Hesabu hiyo huanza upya kwa kila mimba. Wazazi waliokwisha kupata mtoto mmoja mgonjwa hawajaimaliza zamu yao, wala hawajahukumiwa kupata wagonjwa watupu.

Nchini Tanzania wataalamu hukadiria kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka. Swali la mama yule, basi, linaulizwa katika maelfu ya nyumba.

Kintu, Nambi na Walumbe

Kujiuliza kwa nini watoto hufa ni jambo la kale kuliko hospitali. Vitabu vitakatifu vinavyosomwa zaidi Afrika Mashariki, Biblia na Kurani Tukufu, vyote vinasimulia kwamba binadamu alifanywa kwa udongo na akapewa uhai na Muumba wake. Kabla ya vitabu hivyo kufika, jamii za eneo hili zilikuwa na simulizi zao za mwanzo, na mojawapo inagusa jambo hili moja kwa moja. Hiyo ni simulizi ya Baganda kuhusu Kintu, mtu wa kwanza.

Husimuliwa kwamba Kintu aliishi peke yake duniani na ng'ombe wake mmoja, mpaka alipomwoa Nambi, binti wa Ggulu aliye mbinguni. Ggulu aliwaonya waondoke mapema na wasirudi nyuma kwa sababu yoyote, ili Walumbe, ndugu yake Nambi, asijue safari yao. Njiani wakakumbuka kwamba wamesahau ulezi wa kuku wao. Walipoufuata, Walumbe akawaona, akashuka nao duniani. Baadaye alimwomba Kintu mtoto mmoja wa kumsaidia kazi za jikoni. Kintu alipokataa, Walumbe akaanza kuwaua watoto mmoja baada ya mwingine. Jina lake kwa Kiganda linafungamana na neno la maradhi na mauti.

Ggulu alimtuma mwanawe mwingine, Kayikuuzi, aje amkamate Walumbe, lakini Walumbe akazama ardhini na hakukamatika. Mashimo ya Ttanda, huko Uganda, yanaonyeshwa mpaka leo kuwa ndiyo aliyozamia. Mwishowe Kintu akasema Walumbe na aue, ila hatawamaliza watu, kwa kuwa Nambi ataendelea kuzaa.

Aliyeisikia simulizi hii jikoni kwa bibi yake hakufundishwa lolote kuhusu jeni. Alifundishwa kwamba mauti si sehemu ya kusudi la kwanza, kwamba huingia kwa njia ndogo isiyodhaniwa, na kwamba uhai unaendelea mbele yake bila kuyashinda kabisa. Ni mafundisho juu ya namna ya kuishi katika dunia ambamo watoto hufa. Kwa karne nyingi wazazi waliyategemea, kwa kuwa hawakuwa na mengine.

Ramani ya mbu na ramani ya damu

Miongoni mwa watoto wa Baganda hao hao, katikati ya karne ya 20, ndipo sehemu nyingine ya jibu ilipopatikana.

Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akakulia shambani kwa wazazi wake nchini Kenya. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alijiunga na msafara wa kisayansi uliokwenda Mlima Kenya, naye akapewa kazi ya kukusanya sampuli za damu za wenyeji. Matokeo yalimshangaza. Katika pwani ya Kenya na kando ya Ziwa Viktoria, watu zaidi ya 20 katika kila 100 walikuwa wabebaji wa selimundu. Katika nyanda za juu, hali hiyo ilikuwa nadra kabisa. Tofauti hiyo haikufuata lugha wala ukoo. Ilifuata joto, maji na mbu. Penye malaria nyingi, wabebaji walikuwa wengi. Pasipo na malaria, hawakuonekana.

Baada ya kuhitimu udaktari, Allison alirudi mwaka 1953 ili kulipima wazo lake. Katika eneo la Kampala aliwachunguza watoto 290. Kati yao, 43 walikuwa wabebaji. Vimelea vya malaria vilionekana katika damu ya wabebaji 12, yaani asilimia 28 hivi. Miongoni mwa watoto 247 wasio wabebaji, 113 walikuwa na vimelea, yaani karibu asilimia 46. Mwaka 1954 alichapisha hitimisho lake: nakala moja ya selimundu humkinga mtoto dhidi ya malaria. Tafiti zilizofuata, zikiwamo za Kilifi katika pwani ya Kenya, zimethibitisha kwamba kinga hiyo ni kubwa hasa dhidi ya malaria kali, ile inayoua.

Kwa hesabu hiyo fumbo likafunguka. Chukua kijiji kilicho kando ya ziwa, zama za kale, kisicho na chandarua wala dawa. Watoto wa AA hushambuliwa na malaria kwa nguvu zake zote, na wengi hufa kabla ya kufikia umri wa kwenda shule. Watoto wa SS hufa kwa selimundu. Watoto wa AS hunusurika zaidi ya wenzao, hukua, huoa na kuolewa, na kuirithisha jeni ile kwa watoto wao. Kizazi baada ya kizazi, jeni inayoua baadhi ya watoto hubaki kijijini kwa sababu imewaokoa wengi zaidi. Baiolojia huita jambo hili uteuzi wa asili, nao ndio moyo wa nadharia ya mageuko iliyoelezwa na Charles Darwin mwaka 1859.

Hakuna kabila lililochaguliwa kwa adhabu hii. Selimundu imo Afrika, lakini pia imo Omani na sehemu nyingine za Uarabuni, India, Ugiriki na Sisilia, yaani nchi ambazo malaria ilikaa kwa muda mrefu. Mswahili wa Mombasa na Mwomani wa Maskati wanaweza kuwa na jeni moja na historia moja ya mbu.

Je, mageuko yanakanusha uumbaji?

Hapa msikilizaji mwenye imani anaweza kushtuka. Neno mageuko kwake lina maana ya kwamba binadamu ametokana na nyani, na kwamba hakuna Muumba. Maana zote mbili zinahitaji kusahihishwa. Nadharia haisemi kwamba nyani wa leo ni babu wa binadamu. Inasema kwamba viumbe hawa wana asili ya pamoja iliyo mbali sana nyuma. Wala haisemi lolote kuhusu kuwapo au kutokuwapo kwa Mungu, kwa kuwa vyombo vya baiolojia, kuanzia darubini hadi mashine ya kusoma jeni, havina uwezo wa kulipima jambo hilo. Mwanasayansi anayetangaza kwamba darubini imemwondoa Mungu amevuka mpaka wa taaluma yake, sawa na mhubiri anayefundisha kwamba malaria hailetwi na mbu.

Jambo la kusoma maandiko na maumbile kwa pamoja halikuanza jana. Mapema katika karne ya 5, Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliandika ufafanuzi wa kitabu cha Mwanzo. Humo aliwaonya Wakristo wasiseme ovyo juu ya mambo ya maumbile kwa kisingizio cha Maandiko, wasije wakayafanya Maandiko yenyewe yachekwe na watu wenye elimu. Katika karne ya 12 Ibn Rushd wa Cordoba, aliyekuwa kadhi na pia tabibu, alishikilia kwamba uchunguzi sahihi wa maumbile hauwezi kugombana na ufunuo. Pale vinapoonekana kugombana, alisema, wanazuoni wenye uwezo warudi kuitafakari maana ya andiko.

Hata sheria ya urithi inayotumika kuwaeleza wazazi ule uwezekano wa asilimia 25 iligunduliwa na mtawa. Gregor Mendel aliipata kwa kupanda njegere katika bustani ya monasteri huko Brno, akaichapisha mwaka 1866. Theodosius Dobzhansky, mmoja wa waliounganisha sheria za Mendel na nadharia ya Darwin, alikuwa Mkristo wa Kiorthodoksi. Katika makala yake maarufu ya mwaka 1973 alitetea kwamba baiolojia haieleweki pasipo mageuko, na humo humo akajitaja kuwa mtu anayeamini uumbaji: kwake, mageuko ndiyo njia ya Muumba. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II aliwaambia wanasayansi wa Akademia ya Kipapa kwamba mageuko yamekwisha kuvuka kiwango cha kuwa dhana tu, huku akisisitiza kwamba roho ya binadamu huumbwa na Mungu moja kwa moja.

Si waumini wote wanaofika hapo. Yapo makanisa yanayosoma siku sita za uumbaji kuwa siku za saa 24. Miongoni mwa Waislamu, wapo wanazuoni wanaokubali kwamba mimea na wanyama wamebadilika kwa muda mrefu, lakini wanashikilia kwamba Adamu aliumbwa kwa namna ya pekee. Wapo pia wanaoikataa nadharia nzima. Tofauti hizi ni za kweli, na hazitamalizwa ndani ya chumba cha kliniki. Hata hivyo, habari ya selimundu haimhitaji mtu azimalize kwanza. Anayeamini siku sita na anayeamini mamilioni ya miaka wote wanaweza kuipokea ramani ya Allison, kwa kuwa inaeleza jambo lililotokea ndani ya jamii za wanadamu, kwa mbu wale wale wanaouma leo.

Hata baada ya mapatano hayo linabaki gumu moja ambalo uaminifu hauruhusu kulificha. Utaratibu unaomkinga mtoto mmoja kwa gharama ya mwingine ni utaratibu mkali. Baiolojia inaweza kueleza jinsi bei hiyo ilivyotokea. Haiwezi kumwambia mama kwa nini imelipwa na mwanawe. Dini zimejibu kwa namna mbalimbali: wengine husema ni mtihani, wengine husema ni siri ya Mungu, wengine husema dunia bado inangoja kukamilishwa. Mhudumu wa afya hana wajibu wa kuchagua moja. Anatosha kukiri kwamba swali hilo ni la kweli, na kumruhusu mama alipeleke kwa sheikh au mchungaji wake akiwa na taarifa sahihi za kitabibu mkononi.

Kosa ni la nani?

Madhara huja pale simulizi inapotwikwa kazi isiyo yake. Mtoto anapougua kila baada ya miezi michache, tumbo likajaa na macho yakawa manjano, jamaa huanza kutafuta mkosaji. Mama husemwa kwamba amerogwa au ana laana ya kwao. Baba naye, akiambiwa kwamba ugonjwa ni wa kurithi, hutazama ukoo wake, asimwone mgonjwa hata mmoja, kisha akadai kwamba mtoto si wake. Ndoa zimevunjika kwa maneno hayo, na mtoto akabaki na mzazi mmoja wakati alihitaji wawili.

Hapa sayansi na maandiko yanasema kwa sauti moja. Sayansi inasema kwamba mtoto SS amepokea nakala moja kutoka kila upande, na kwamba mbebaji huweza kuishi hadi uzee bila dalili. Ukoo usio na mgonjwa si ukoo usio na jeni. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu na kumuuliza Yesu nani aliyetenda dhambi, mtu huyo au wazazi wake. Yesu anakataa yote mawili. Kurani nayo inafundisha mahali kadhaa kwamba hakuna nafsi itakayobebeshwa dhambi za mwingine. Mama anayeuliza "Tumekosa nini?" anaweza kujibiwa kutoka katika kitabu chake mwenyewe kwamba hakuna kosa lililoadhibiwa kwa mwili wa mtoto wake.

Kosa la pili ni kuacha dawa kwa sababu ya maombi. Mapokeo ya Mtume Muhammad yanawahimiza waumini watafute tiba, na hospitali nyingi kongwe za Afrika Mashariki zilijengwa na wamisheni waliosali asubuhi na kutibu mchana. Mzazi anaweza kuambiwa bila kumvunjia heshima: "Mama, endelea kumwombea, na dawa asikose hata siku moja."

Kosa la tatu ni la mhudumu anayeidhihaki imani ya mgonjwa. Anayechekwa harudi, na mtoto wa selimundu asiyerudi kliniki yumo hatarini.

Vimelea navyo hubadilika

Ingekuwa makosa kudhani kwamba uteuzi wa asili ni habari ya zama za kale pekee. Kwa miaka mingi klorokwini ilikuwa dawa kuu ya malaria nchini Tanzania. Kila ilipotumiwa, vimelea dhaifu vilikufa, na vile vichache vilivyokuwa na badiliko la kuvilinda vilibaki na kuzaana. Mwaka 2001 serikali iliiondoa klorokwini katika nafasi hiyo na kuweka SP. Usugu ukaongezeka tena, na mwaka 2006 ikaja dawa mseto ya ALu. Katika miaka ya karibuni, dalili za usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini, kiungo kikuu cha dawa hiyo, zimeripotiwa Rwanda, Uganda na mkoani Kagera.

Mgonjwa anayeacha dozi ya ALu siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka anavipa nafasi vimelea vilivyobaki. Hahitaji kujua jina la Darwin ili amalize vidonge vya siku tatu, lakini mhudumu anayeujua utaratibu huo humweleza kwa uthabiti zaidi, naye mgonjwa aliyeelezwa sababu hushika agizo kuliko aliyeamrishwa.

Yanayoweza kufanyika leo

Kuna hatari moja katika kuisimulia habari ya Allison. Mzazi anaweza kusikia kwamba selimundu hukinga malaria, akaondoa chandarua kitandani. Kinga hiyo ni ya mbebaji, AS, nayo si kamili. Kwa mtoto mgonjwa, SS, malaria ni miongoni mwa maadui wakubwa: humvunjia chembe chache alizonazo na huweza kumuua upesi. Alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, na apewe kinga ya malaria kama kliniki ilivyoelekeza.

Mambo mengine yamethibitika. Mtoto akitambuliwa mapema, hata akiwa mchanga, huanzishiwa penisilini ya kinga na kupewa chanjo dhidi ya bakteria wa nimonia, kwa kuwa bandama lake hushindwa kazi mapema. Asidi ya foliki husaidia kutengeneza damu. Haidroksiyurea hupunguza kujikunja kwa chembe. Utafiti mkubwa uliofanyika Kongo, Uganda, Kenya na Angola, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto waliotumia dawa hiyo walipata maumivu machache, waliongezewa damu mara chache, waliugua malaria kidogo na walikufa wachache zaidi ya ilivyokuwa kabla ya kuianza. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayohariri jeni za chembe za uloto wa mgonjwa. Gharama yake bado ni kubwa mno kwa familia nyingi.

Mzazi afundishwe dalili zisizongoja: homa yoyote, kupumua kwa shida, weupe wa ghafla wa viganja na midomo, bandama kuvimba upande wa kushoto wa tumbo, na kulegea kwa upande mmoja wa mwili. Akiona mojawapo, aende hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Viongozi wa dini wana nafasi ambayo mhudumu hana. Wao huwaona vijana kabla ya ndoa. Wakiwashauri wachumba wapime, wawaeleze pia kwamba majibu ni taarifa ya kuwasaidia kupanga, wala hayampunguzii mtu thamani aliyopewa na Muumba wake. Mbebaji hana ila ya kuonewa aibu. Damu yake ni ushahidi kwamba wahenga wake waliivuka malaria.

Ndipo mama aliyeuliza akiwa mlangoni anaweza kuitwa akae tena kidogo. Aambiwe kwamba jeni ile ilibaki katika ukoo kwa kuwa iliwahi kuwaokoa watoto wengi kabla dawa hazijapatikana. Aambiwe kwamba hakuna aliyemroga, na kwamba yeye na mumewe hawakutenda kosa. Swali lake kuhusu kusudi la Mungu abaki nalo bila kudharauliwa. Kintu, katika simulizi yake, hakuwa na dawa ya kumzuia Walumbe. Alikuwa na ahadi tu kwamba watu hawatakwisha. Mama huyu ana ahadi ya imani yake, na mkononi ana penisilini, haidroksiyurea, chandarua na kadi yenye tarehe ya kurudi. Arudi tarehe hiyo.